*KUTOKA JUMUIYA NI RAHISI KUSEMA. GUNIA LA MANG'OLA LITAENDA WAPI?*

*TAARIFA NA MAONI YA KAMATI YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,



Kama mnavyojua, kwenye mkutano mkuu wa tawi Jumamosi hii kuna hoja ya baadhi ya wenzetu inayotaka tawi lipeleke ngazi ya juu pendekezo kwamba chama kisimame hadharani na kudai Tanzania ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja imeletwa kwa utaratibu, na waliosaini ni wanachama hai wanaolipa ada. Ina haki ya kusikilizwa. Wiki nzima hii tumeona magrupu yakiwaka moto, wengine wakiitana wasaliti, wengine wakiitana vibaraka wa Nairobi. Hayo tuyaache. Kamati ilikaa na kujadili, na huu ndio msimamo tutakaoutetea mkutanoni. Kura ni yenu.

*1. Malalamiko yenu ni ya kweli*

Hatuanzi kwa kumkebehi mtu. Mkulima wa kitunguu wa Bonde la Eyasi anafika shambani alfajiri, anafungua maji ya mfereji kwa zamu, ananunua mbegu na dawa kwa mkopo. Siku ya kuvuna, mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kofia juu, lumbesa, na bei ameshapanga na dalali. Mkulima akipiga hesabu anakuta amefanya kazi ya bure.

Dereva na mwongoza watalii wa Karatu naye ana lake. Mwishoni mwa mwaka 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuchukua wageni. Zuio liliondolewa Machi 2015, baada ya Tanzania kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki hadi 14.

Na mwenye mahindi hajasahau Machi 2021, Kenya ilipotangaza ghafla kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda yana sumu kuvu, malori yakakwama mpakani. Zuio lilibadilishwa kuwa masharti baada ya siku chache, lakini aliyekuwa na mzigo njiani hasara aliishaipata.

Kwa hiyo anayesema "tutoke, tumechoka" anasema kitu tunachokielewa. Swali letu ni moja tu: je, tukitoka, haya yatapungua au yataongezeka?

*2. Tuliwahi kufanya hivi, na wazee wanakumbuka*

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, makao yake makuu hapa hapa Arusha. Reli, bandari, posta na shirika la ndege vilikuwa vya pamoja. Mwaka 1977 ikavunjika. Februari mwaka huo Serikali yetu ilifunga mpaka na Kenya, na magari na ndege ndogo za utalii kutoka Kenya zilizokuwa upande wetu zikashikiliwa.

Sababu ya kufunga haikuwa ya kijinga. Wakati ule watalii wengi walioziona Serengeti na Ngorongoro walikuwa wakitua Nairobi, wakilala Nairobi, wakipanda gari la kampuni ya Nairobi. Kwetu walikuwa wakiacha kiingilio na vumbi. Tulikuwa tumejenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, na hoteli za Serikali kule Lobo, Seronera, Manyara na ukingoni mwa kreta. Tulidhani tukifunga mlango wa Nairobi, mgeni atazunguka aje kupitia KIA.

Wengi hawakuzunguka. Walibaki Maasai Mara. Idadi ya wageni Serengeti na Ngorongoro ilianguka vibaya, hoteli zikakaa bila watu, na mapato ya hifadhi yakapungua. Fedha za doria nazo zikapungua, na majangili wakapata nafasi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 faru weusi wa Serengeti, waliokuwa mamia, walikuwa karibu wamekwisha.

Tuwe wakweli: si yote yaliletwa na mpaka. Kulikuwa na vita vya Kagera 1978 na 1979, kulikuwa na bei ya mafuta, kulikuwa na ukame. Lakini mpaka uliofungwa uliongeza mzigo juu ya mzigo. Bidhaa zilizokuwa zikija wazi zikaanza kuja usiku kwa njia za panya, kwa bei ya usiku. Waliofaidika ni wachache wenye ujasiri wa magendo.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, miaka sita na miezi kadhaa baadaye. Makubaliano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalisainiwa Mei 1984, baada ya msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika nayo kwa miaka. Na wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya? Wastaafu wale tuliwaona hadi miaka ya 2000 wakienda mahakamani Dar es Salaam kudai mafao yao. Wengine walifariki wakidai. Waliovunja Jumuiya walikuwa wakubwa, na waliolala barabarani kudai haki walikuwa makarani, mafundi na mabaharia.

Na kuna jambo moja halijapona hadi leo. Njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, ilifungwa kwa watalii mwaka ule na haijafunguliwa tena. Kufunga kulichukua siku moja. Kufungua kumetushinda karibu miaka hamsini. Wapo wanaosema ni vizuri ibaki imefungwa, ili mgeni azunguke apite Karatu, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini tuone funzo: mlango ukishafungwa, kuufungua si uamuzi wako peke yako.

*3. COMESA: tulitoka kimya kimya*

Wengi wanasahau kwamba tumewahi kutoka kwenye umoja mwingine wa biashara. Tanzania ilikuwa mwanachama wa COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Ikajitoa mwaka 2000, Septemba. Sababu zilizotolewa ni mapato ya forodha ambayo yangepotea na mzigo wa kuwa katika umoja zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, kwa kuwa tulikuwa tayari SADC na tulikuwa tunafufua Jumuiya. Mwezi uliofuata, Oktoba 2000, COMESA ikaanzisha eneo lake huru la biashara bila sisi.

Hatukufa. Hilo lazima tulikubali mbele ya wenzetu wanaotaka tutoke, maana watalitumia, na wana haki ya kulitumia. Lakini angalieni lilichotufanyia kimyakimya. Kenya ni mwanachama wa COMESA. Misri ni mwanachama wa COMESA na imo katika eneo lake huru. Kenya haimo SADC. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 2000, mlango wetu mkuu wa kuingiza mazao Kenya bila ushuru ni mmoja: Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ule wa akiba tuliufunga wenyewe.

Mwenye nyumba yenye milango miwili akiziba mmoja, anaishi. Akiziba na wa pili, atapita dirishani.

*4. Hesabu ya gunia*

Umoja wa forodha wa Jumuiya ulianza Januari 2005. Kitunguu kilicholimwa Mang'ola, kikiwa na cheti cha uasili, kinaingia Kenya bila ushuru wa forodha. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una utaratibu wa cheti rahisi unaopatikana pale pale mpakani. Tangu mwaka 2018 Namanga kuna kituo kimoja cha pamoja, gari linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili.

Nchi iliyo nje ya Jumuiya hukutana na ushuru wa pamoja. Bidhaa iliyo tayari kwa mlaji hutozwa kwa kawaida asilimia 25, na zipo zinazotozwa 35 tangu Julai 2022.

Sasa chukueni mfano, ni mfano tu wa kurahisisha hesabu. Mzigo wa gunia 100, kila gunia shilingi 100,000. Thamani shilingi 10,000,000. Ushuru wa asilimia 25 ni shilingi 2,500,000, yaani shilingi 25,000 kwa kila gunia. Nani atailipa?

Mama wa Nairobi hatailipa, kwa sababu sokoni kwake kuna kitunguu cha Wakenya wenyewe, cha Ethiopia na cha Misri. Mwenye lori hatailipa, yeye ana mafuta na matairi. Mnunuzi atakuja Mang'ola na kumwambia mkulima: "Mzee, mambo yamebadilika, gunia sasa ni 75,000." Na mkulima, kitunguu kikiwa kimeshang'olewa na mvua inanyemelea, atauza.

Hapo hatujahesabu mbegu, dawa na vipuri vinavyotoka Kenya. Mlango ukifungwa, unafungwa kwa vinavyotoka na kwa vinavyoingia.

*5. Kama hesabu hiyo haitoshi, kumbukeni mbaazi*

Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, tani 200,000 kwa mwaka. Sisi hatukuwa na makubaliano yoyote na India juu ya mbaazi. Karatu, Mbulu, Babati, wote tunakumbuka bei ilivyoporomoka msimu ule hadi wengine wakalisha mifugo.

Lakini Msumbiji walikuwa wamesaini makubaliano na India mwaka 2016, wakahakikishiwa kiasi chao. Zuio lilipokuja, wao waliendelea kuuza kwa mujibu wa karatasi yao. Mbaazi ni ile ile na bahari ni ile ile. Tofauti ilikuwa karatasi iliyosainiwa.

Mkataba haumfanyi mnunuzi awe ndugu yako. Unakupa mahali pa kumshika akikugeuka. Mahindi yalipozuiwa Machi 2021, tulikuwa na pa kumshika jirani. Mazungumzo yalifanyika, Rais Samia akaenda Nairobi Mei mwaka ule, na bidhaa zetu zilizoingia Kenya mwaka 2021 ziliongezeka karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Mbaazi ilipozuiwa hatukuwa na pa kushika.

*6. Wenzetu wa Ngorongoro na Loliondo*

Tawi hili lina jamaa na wanachama wafugaji. Mmasai wa Loliondo ana shemeji Narok, ana mnada Narok, na ng'ombe wake huuzwa kule kwa sababu barabara ya huko ni fupi kuliko ya Arusha. Oktoba 2017 tuliona ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya wakikamatwa upande wetu na kupigwa mnada, na muda si mrefu vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikachomwa moto Namanga. Hayo yalitokea tukiwa ndani ya Jumuiya. Ng'ombe hajui mpaka, na mwenye ng'ombe wa upande huu alikaa na hofu ya kulipiziwa.

Wenzetu wa hoja wanasema huo ni ushahidi kwamba Jumuiya haina maana. Sisi tunasema ni ushahidi kwamba makubaliano ya mifugo na malisho mpakani ni dhaifu na yanatakiwa kuimarishwa. Ua likiwa na tundu huzibwa tundu. Hakuna anayeng'oa ua lote ili fisi akose pa kupenya.

*7. Waliotoka siku hizi*

Uingereza ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016, ikatoka rasmi Januari 2020, na ikaacha soko la pamoja mwishoni mwa mwaka huo. Ofisi yao wenyewe inayokagua bajeti inakadiria kwamba tija ya uchumi wao itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 katika muda mrefu kuliko ambavyo ingekuwa wangebaki. Uingereza ni tajiri, na bado wauza samaki wao walijikuta wakijaza fomu huku samaki anaoza.

Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS Januari 2025. Zilikuwa na sababu nzito za kisiasa ambazo hatuzihukumu kutoka hapa. Lakini angalieni: hazikuacha sarafu ya pamoja ya CFA, na viongozi wao walianza mara moja kuzungumza na ECOWAS namna ya kuendelea kupitisha watu na mizigo. Hata aliyetoka kwa hasira alirudi mlangoni kuomba njia.

*8. Hoja tatu za wenzetu, na majibu yetu*

*"Sisi tuna bandari na ardhi, wao ndio wanatuhitaji."* Ni kweli wanatuhitaji. Ndiyo maana tukiwa ndani tuna nguvu ya kudai. Anayehitajiwa hubaki mezani akapandisha bei.

*"Tuna soko huru la Afrika na tuna SADC."* SADC ni muhimu, lakini Kenya haimo. Soko la Afrika nzima tumeliridhia, na eneo la pamoja la COMESA, SADC na Jumuiya limeanza rasmi Julai 2024. Hayo ni mazuri, ila bado yanajengwa: orodha za ushuru hupunguzwa kwa awamu. Mtu hahami nyumba yenye paa kwenda kwenye msingi.

*"Tukibaki hatuwezi kujilinda."* Tumejilinda tukiwa ndani. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwamo kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba inakwenda kinyume na itifaki ya soko la pamoja. Mang'ola amri hii ina pande mbili, na kila mmoja anajua amesimama wapi: dalali wa nyumbani ana la kusema, na mkulima anayetaka wanunuzi wengi shambani ana la kwake. Tunachosema ni kwamba uanachama haujatufunga mikono.

Tena, kutoka si tamko la jukwaani. Kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1999, lazima Bunge lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itolewe taarifa ya maandishi ya miezi 12. Na madeni yaliyoingiwa ukiwa mwanachama hayafutiki. Na makao makuu, mahakama na bunge la Jumuiya viko Arusha, saa chache kutoka hapa. Wageni wa mikutano ile hulala hotelini kwetu na hupanda kwenda kreta. Hivyo navyo mtaviweka kwenye mizani.

*9. Tunachopendekeza badala yake*

Kamati italeta mkutanoni pendekezo mbadala. Tusidai kutoka. Tudai haya:

▪️ *Kilo, si lumbesa.* Sheria ya vipimo ipo. Halmashauri iweke mizani kwenye maeneo ya kununulia kitunguu bonde la Eyasi, na anayenunua lumbesa achukuliwe hatua, awe wa kwetu au wa nje.

▪️ *Soko la kitunguu lenye utaratibu.* Mnunuzi kutoka Kenya asikimbizwe wala asiachiwe shamba. Aje sokoni, anunue kwa ushindani, alipe ushuru wa halmashauri, apewe karatasi zake.

▪️ *Makubaliano ya magari ya utalii yafunguliwe upya.* Tunayotumia yana asili ya mwaka 1985. Dereva wa Karatu apewe Nairobi kile dereva wa Nairobi anachopewa Namanga.

▪️ *Utaratibu wa mifugo mpakani.* Chanjo, vibali na njia za mifugo Loliondo na Narok zikubaliwe kwa maandishi, ili ng'ombe aliyevuka asiwe chanzo cha mnada wa ghafla.

▪️ *Taarifa kabla ya zuio.* Nchi yoyote ikitaka kuzuia zao, itoe notisi, na mizigo iliyokwisha ondoka shambani iruhusiwe kufika.

Haya yanaweza kudaiwa na diwani, na mbunge, na wawakilishi wetu katika Bunge la Afrika Mashariki. Mengine hayahitaji hata Nairobi. Mizani inaanzia hapa Karatu.

*10. Mwisho*

Ndugu wanachama, tunajua msimamo huu hautatupigisha makofi. "Tutoke!" ni neno tamu jukwaani, na "tubaki tudai" linachosha hata kulitamka. Lakini mwaka 1977 walioamua hawakuulizwa bei ya sabuni, na wastaafu wale hawakuulizwa chochote. Sisi tunaulizwa kabla. Basi tujibu kama watu wenye shamba na wenye familia.

Walioleta hoja watapewa muda sawa na kamati. Wazee waliokuwa wakifanya kazi hotelini na hifadhini miaka ile ya kufungwa mpaka tunawaomba waje wazungumze, maana wao hawakusoma haya, waliyaishi. Wakulima wa Mang'ola, Rhotia, Endabash na Mbulumbulu, njooni na hesabu zenu za msimu uliopita. Anayepinga hesabu yetu ya gunia alete yake, tuiweke ubaoni.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, mahali pale pale pa kawaida. Uje na kadi.

Hasira hasara. Tukutane.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Karatu.*
_Tuma kwa wanachama wenzako. Ukituma, tuma yote, usikate kipande._